Kutoka Barazani Hadi Chamani: Mabadiliko ya Baraza la Mawaziri na Uhuishaji wa Chama cha Mapinduzi, 2008–2015

Ikisiri

Makala haya yanafafanua athari za kisiasa za mabadiliko ya Baraza la Mawaziri nchini Tanzania kati ya mwaka 2008 na 2015, yakizihusisha na juhudi za Chama cha Mapinduzi (CCM) za kujihuisha zilizojulikana kama kujivua gamba. Hoja kuu ni kwamba kumwondoa mtu barazani na kumwondoa chamani ni mambo mawili yanayoongozwa na kanuni tofauti. La kwanza lilitekelezwa kwa wepesi. La pili lilishindikana. Kwa sababu hiyo, migogoro iliyoonekana kumalizika bungeni ilihamia ndani ya chama, ikazuiliwa humo na masharti ya Katiba, kisha ikajitokeza wakati wa uteuzi wa mgombea urais mwaka 2015.

1.0 Utangulizi

Katika lugha ya siasa ya Tanzania, neno kuwajibika limebeba maana mbili. Maana ya kwanza ni kutoa maelezo ya kazi mbele ya mwenye mamlaka ya kuuliza. Maana ya pili, ambayo ndiyo iliyozoeleka zaidi magazetini na bungeni, ni kuacha cheo. Inaposemwa kwamba waziri fulani awajibike, msikilizaji haelewi kwamba waziri huyo anatakiwa kueleza jambo. Anaelewa kwamba anatakiwa kuondoka. Maana hii ya pili ina historia yake. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kutokana na mauaji ya watuhumiwa yaliyotokea mkoani Shinyanga mikononi mwa vyombo vilivyokuwa chini ya wizara yake. Tukio hilo limeendelea kutajwa kama kielelezo cha uungwana wa kisiasa, hasa kwa kuwa mhusika alikuja kuwa Rais mwaka 1985.

Kipindi cha uongozi wa Rais Jakaya Kikwete, 2005 hadi 2015, kinatoa nafasi nzuri ya kuchunguza mkanganyiko wa maana hizo mbili. Katika kipindi hicho Baraza la Mawaziri lilivunjika mara moja na kufumuliwa mara kadhaa kwa shinikizo la Bunge. Sambamba na hayo, chama tawala kilitangaza mradi wa kujisafisha. Swali linaloongoza makala haya ni hili: iwapo waliotuhumiwa waliondolewa serikalini na chama kikatangaza kujihuisha, kwa nini mpasuko mkubwa zaidi katika historia ya CCM ya vyama vingi ulitokea mwishoni mwa kipindi hichohicho?

2.0 Masharti ya Kikatiba

Jibu la swali hilo linaanzia katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Ibara ya 55 inampa Rais mamlaka ya kuteua mawaziri baada ya kushauriana na Waziri Mkuu, na inaelekeza kwamba mawaziri wateuliwe kutoka miongoni mwa wabunge. Bunge haliwathibitishi wala halina utaratibu wa kumpigia kura waziri mmojammoja ili aondoke. Hata hivyo, Ibara ya 53 inasema kwamba mawaziri, chini ya uongozi wa Waziri Mkuu, watawajibika kwa pamoja bungeni. Silaha kubwa ya Bunge imo katika Ibara ya 53A, inayoruhusu hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Hoja hiyo inahitaji kuungwa mkono kwa maandishi na wabunge wasiopungua asilimia 20 ya wabunge wote, na taarifa yake kufikishwa kwa Spika angalau siku 14 kabla. Aidha, kwa mujibu wa Ibara ya 57, kiti cha Waziri Mkuu kikiwa wazi, nafasi za mawaziri wote nazo huwa wazi.

Matokeo ya mpangilio huu ni kwamba Bunge lisiloridhika na waziri mmoja hulazimika kumtishia Waziri Mkuu, na Rais anayetaka kumnusuru Waziri Mkuu hulazimika kuwatoa mawaziri. Mabadiliko ya Baraza kwa hiyo huwa fidia inayotolewa ili hoja isifike kwenye kura.

Sharti jingine lenye uzito katika mjadala huu ni Ibara ya 71(1)(e), ambayo inamnyang'anya ubunge mtu anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni. Pamoja nalo kuna sharti linalomtaka kila mgombea adhaminiwe na chama cha siasa. Sharti hilo la pili lilipingwa kwa miaka mingi na Mchungaji Christopher Mtikila, na mwezi Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba linakiuka haki. Katiba haikubadilishwa. Waziri aliyeachishwa kazi, ambaye bado ni mbunge, hana njia ya kuonyesha hasira yake nje ya chama bila kupoteza kiti alichobaki nacho. Hubaki chamani, na kinyongo chake hubaki naye.

3.0 Februari 2008: Mwanzo wa Mlolongo

Mkataba wa umeme wa dharura wa mwaka 2006 kati ya TANESCO na kampuni ya Richmond ndio uliozaa mgogoro wa kwanza. Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe iliwasilisha ripoti yake tarehe 6 Februari 2008. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Edward Lowassa alitangaza kujiuzulu, akilalamika kwamba Kamati haikumpa nafasi ya kusikilizwa. Mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha nao walijiuzulu. Kwa kuwa kiti cha Waziri Mkuu kilikuwa wazi, Baraza zima lilivunjika. Mizengo Pinda aliteuliwa na kuthibitishwa na Bunge, na Baraza jipya likaundwa.

Tukio hili lilipokewa kama ushindi wa Bunge lililokuwa chini ya Spika Samuel Sitta. Lakini mambo mawili hayakupewa uzito unaostahili wakati huo. Kwanza, Lowassa hakuwa waziri wa kawaida. Alikuwa mmoja wa nguzo za mtandao wa kampeni uliomwezesha Kikwete kushinda uteuzi wa CCM mwaka 2005, na baadaye uchaguzi kwa asilimia 80.28 ya kura. Mtandao huo ulikuwa na watu katika ngazi zote za chama, na kujiuzulu kwake hakukuwaondoa watu hao. Pili, alibaki mbunge wa Monduli na kiongozi ndani ya chama. Alichopoteza ni ofisi iliyotegemea uteuzi. Hakupoteza chochote kilichotegemea kuchaguliwa.

Baada ya uchaguzi wa mwaka 2010, Sitta hakurejea kwenye kiti cha Spika, kwani CCM ilielekeza kwamba nafasi hiyo iwaniwe na wanawake, na Anne Makinda akachaguliwa. Sitta alifanywa Waziri wa Ushirikiano wa Afrika Mashariki, na Mwakyembe Naibu Waziri wa Ujenzi. Hivyo waliokuwa mstari wa mbele kukosoa Serikali kutoka ndani ya chama wakawa sehemu ya Serikali, wakibanwa na kanuni ya uwajibikaji wa pamoja, huku waliokosolewa wakiwa nje ya Serikali na huru kujijenga chamani.

4.0 Kujivua Gamba, 2011

Uchaguzi wa 2010 ulishusha kura za CCM za urais hadi zaidi kidogo ya asilimia 60. Katika maadhimisho ya kuzaliwa kwa chama, Februari 2011 mjini Dodoma, Mwenyekiti Kikwete alikitaka chama kijivue gamba. Mwezi Aprili Kamati Kuu na Sekretarieti zilijiuzulu. Katibu Mkuu Yusuf Makamba alimpisha Wilson Mukama, na Nape Nnauye akawa Katibu wa Itikadi na Uenezi. Viongozi wapya walitangaza hadharani kwamba wanachama wanaotuhumiwa kwa ufisadi wajiondoe wenyewe katika nafasi zao, na muda wa siku 90 ukatajwa.

Sitiari ya gamba inastahili kuangaliwa kwa makini. Nyoka hujivua gamba ili akue; gamba ni ngozi iliyokufa, haina damu wala haipingi kuvuliwa. Sitiari hiyo ilichukulia kwamba watuhumiwa walikuwa kitu kilichoshikilia mwili wa chama kwa nje. Hali halisi ilikuwa tofauti. Waliolengwa walikuwa wajumbe wa Halmashauri Kuu ya Taifa (NEC), yaani kikao chenyewe kilichotakiwa kuwatoa, na walikuwa na wafuasi humo. Wapinzani hawakuchelewa kuigeuza sitiari hiyo: wanachama wa CCM walianza kuitwa magamba, na ikasemwa kwamba nyoka akishajivua hubaki nyoka yuleyule.

Mtu mmoja tu kati ya waliotajwa sana ndiye aliyeondoka. Julai 2011 Rostam Aziz alijiuzulu ubunge wa Igunga na nafasi zake za uongozi chamani, akisema amechoshwa na siasa uchwara. Uchaguzi mdogo wa Igunga ulifanyika Oktoba mwaka huohuo, na CCM ililitetea jimbo hilo baada ya kampeni ngumu dhidi ya CHADEMA. Somo lililopatikana lilikuwa zito: kila gamba lenye ubunge linapovuliwa, jimbo huenda sokoni. Kikao cha NEC cha Novemba 2011 kilimalizika bila kumfukuza mtu. Mwaka uliofuata, katika uchaguzi wa ndani wa chama, Lowassa alichaguliwa kuwa mjumbe wa NEC kupitia Wilaya ya Monduli. Mradi uliokusudiwa kumtoa ulimkuta akiwa na idhini mpya ya wapiga kura wa chama chenyewe.

5.0 Mei 2012: Fidia kwa Bunge

Aprili 2012 ulikuwa mwezi mgumu kwa chama tawala. Tarehe 1 CCM ilipoteza jimbo la Arumeru Mashariki kwa CHADEMA katika uchaguzi mdogo. Wiki chache baadaye, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali na za kamati za Bunge za hesabu zilizua mjadala mkali bungeni. Zitto Kabwe, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya hesabu za mashirika ya umma, alianza kukusanya saini za hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Pinda. Saini zilizohitajika, takribani 70, zilipatikana, zikiwamo za baadhi ya wabunge wa CCM kama Deo Filikunjombe wa Ludewa. Spika alieleza kwamba hoja isingeweza kujadiliwa katika mkutano huo kwa kuwa sharti la siku 14 lilikuwa halijatimizwa.

Siku hizo 14 zilimpa Rais muda wa kutoa fidia. Tarehe 4 Mei 2012 alitangaza Baraza jipya. Mawaziri sita waliachwa: Mustafa Mkulo wa Fedha, William Ngeleja wa Nishati na Madini, Cyril Chami wa Viwanda na Biashara, Ezekiel Maige wa Maliasili na Utalii, Haji Mponda wa Afya, na Omar Nundu wa Uchukuzi. Naibu mawaziri wawili nao waliachwa. Miongoni mwa walioingia ni Profesa Sospeter Muhongo, aliyepewa Nishati na Madini baada ya kuteuliwa kwanza kuwa mbunge, William Mgimwa (Fedha) na Khamis Kagasheki (Maliasili na Utalii), huku Mwakyembe akipandishwa kuwa waziri kamili wa Uchukuzi.

Hoja dhidi ya Pinda haikupigiwa kura. Kwa kipimo cha utulivu wa Bunge, mabadiliko hayo yalifaulu. Kwa kipimo cha maana ya kwanza ya kuwajibika, yaani kutoa maelezo, hayakufaulu, kwa sababu waziri akishaondoka, mjadala wa makosa ya wizara yake huonekana kuwa umefungwa. Mrithi wake hujibu kwamba yeye ni mgeni.

6.0 Mawaziri Mizigo, 2013

Novemba 2012 CCM ilibadilisha uongozi wa juu tena: Abdulrahman Kinana akawa Katibu Mkuu, na Philip Mangula Makamu Mwenyekiti upande wa Bara. Kinana na Nnauye walizunguka mikoani wakisikiliza malalamiko ya wananchi. Katika ziara za mwaka 2013 lilizaliwa neno jipya: mawaziri mizigo. Desemba mwaka huo baadhi ya mawaziri waliitwa mbele ya Kamati Kuu kujieleza.

Mabadiliko ya sitiari kutoka gamba hadi mzigo yanaonyesha mabadiliko ya mkakati. Mwaka 2011 tatizo lilielezwa kuwa limo chamani. Mwaka 2013 lilielezwa kuwa limo serikalini, na chama kikajiweka upande wa wananchi wanaolalamika. Mzigo, tofauti na gamba, si sehemu ya mwili. Huwekwa kichwani na mtu mwingine na huweza kutuliwa. Chama kilichoshindwa kuwatoa wanachama wake kiliona ni rahisi zaidi kudai mawaziri watolewe, jambo ambalo lilikuwa ndani ya uwezo wa mtu mmoja, Rais, ambaye pia ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama.

Tarehe 20 Desemba 2013 kamati ya Bunge iliyoongozwa na James Lembeli iliwasilisha ripoti kuhusu ukiukaji wa haki za raia katika Operesheni Tokomeza, iliyolenga ujangili. Kagasheki alitangaza kujiuzulu bungeni, na Waziri Mkuu akalieleza Bunge kwamba Rais ametengua pia uteuzi wa Emmanuel Nchimbi wa Mambo ya Ndani, Shamsi Vuai Nahodha wa Ulinzi, na Mathayo David Mathayo wa Mifugo. Inafaa kuzingatiwa kwamba watatu kati ya wanne hao, Kagasheki, Nchimbi na Nahodha, walikuwa wamepangiwa wizara hizo katika mabadiliko ya Mei 2012. Tiba ya mgogoro mmoja ikawa kafara ya mgogoro uliofuata.

Wizara ya Nishati na Madini inaonyesha jambo hilohilo kwa uwazi zaidi. Karamagi aliondoka 2008 kwa mgogoro wa Richmond. Ngeleja aliachwa 2012. Muhongo alijiuzulu Januari 2015 kutokana na sakata la akaunti ya Tegeta Escrow, ambalo pia lilimwondoa Mwanasheria Mkuu Frederick Werema na Waziri wa Ardhi Anna Tibaijuka. Katika miaka saba mawaziri watatu wa wizara moja waliondoka kwa migogoro, na mikataba ya umeme ikabaki kuwa chanzo cha utata.

7.0 Mwaka 2015: Mgogoro Wajitokeza

Februari 2014 CCM iliwapa onyo kali makada sita waliotuhumiwa kuanza kampeni za urais mapema, wakiwamo Lowassa, Ngeleja na aliyekuwa Waziri Mkuu Frederick Sumaye. Adhabu hiyo haikupunguza joto. Julai 2015 Kamati Kuu ilipeleka NEC majina matano, na la Lowassa halikuwamo. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walijitokeza mbele ya waandishi wa habari kupinga uamuzi huo. Ndani ya ukumbi wa NEC baadhi ya wajumbe waliimba kutangaza imani yao kwa Lowassa. Hatimaye Mkutano Mkuu ulimteua John Magufuli kwa zaidi ya asilimia 87 ya kura.

Tarehe za kuhama zinaeleza mengi. Rais alilihutubia Bunge na kulivunja Julai 9, 2015. Lowassa alijiunga na CHADEMA Julai 28. Lembeli alihama mwezi huohuo. Sumaye alifuata Agosti. Bunge lilipokwisha, adhabu ya Ibara ya 71 haikuwa na makali tena kwa aliyekuwa na kiti. Hasira iliyokuwa imefungiwa chamani tangu Februari 2008 ilipata mlango, na muungano wa UKAWA uliokuwa ukitafuta mgombea ulikuwa umeufungua. Magufuli alishinda kwa asilimia 58.46 dhidi ya 39.97 za Lowassa, kiwango cha chini kabisa cha CCM katika uchaguzi wa Rais wa Muungano tangu mwaka 1995.

8.0 Mjadala

Ushahidi huu hauruhusu hitimisho kwamba kila waziri aliyeachwa huasi. Mkulo, Chami, Mponda na Nundu hawakuongoza uasi wowote. Ngeleja na Maige walibaki CCM na kurejea bungeni mwaka 2015 kwa tiketi yake. Tofauti iko katika aina ya mtaji wa kisiasa wa anayeondolewa. Waziri ambaye umaarufu wake ulitokana na uteuzi huondoka nao uteuzi unapotenguliwa. Anayemiliki mtandao ndani ya chama huondoka na mtandao wake, na kuondolewa kwake humpa kitu kingine ambacho hakuwa nacho akiwa ofisini: simulizi ya kuonewa. Malalamiko ya Lowassa kwamba hakusikilizwa yalibaki hai kwa miaka saba kwa sababu hakukuwa na chombo, iwe mahakama au kikao cha chama, kilichoyasikiliza na kuyaamua kwa upande wowote. Laiti yangesikilizwa, ama angesafishwa, ama hoja yake ingekwisha.

Inaweza kupingwa kwamba uhuishaji ulifaulu, kwa kuwa mgombea aliyepatikana hakuwa kiongozi wa kambi yoyote kubwa. Pingamizi hilo lina uzito. Hata hivyo, Magufuli alikuwa waziri wa muda mrefu, na hakutokana na sekretarieti ya kujivua gamba wala na orodha ya makada iliyolengwa. Alipatikana kwa kuwa kambi kubwa zilizuiana. Hatua za nidhamu zilizoshindikana 2011 zilitekelezwa Machi 2017, pale Simba alipofukuzwa uanachama na Nchimbi kupewa onyo kali. Mwezi huohuo Nnauye, msemaji mkuu wa kujivua gamba, aliondolewa uwaziri wa Habari, na Mei 2017 Muhongo, aliyekuwa amerudishwa Nishati na Madini, aliondolewa kwa mara ya pili. Januari 2024 Nchimbi akawa Katibu Mkuu wa CCM. Mzunguko huo unaonyesha kwamba katika chama chenye mizizi mirefu, kuondolewa ni hali ya muda.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mabadiliko ya Baraza la Mawaziri kati ya 2008 na 2015 yalituliza Bunge kwa kuhamishia gharama za mgogoro chamani. Chama nacho hakikuwa na uwezo wa kuzilipa, kwa kuwa waliotakiwa kutolewa walikuwa sehemu ya vikao vya kutoa uamuzi, na masharti ya Katiba yalimfanya kila aliyekasirika abaki ndani hadi Bunge livunjwe. Kwa mtafiti wa siasa za Tanzania, maana yake ni kwamba athari za mabadiliko ya Baraza zisipimwe kwa wiki zinazofuata tangazo la Ikulu. Zipimwe katika msimu wa uteuzi wa wagombea. Kwa upande wa uwajibikaji, kumwondoa waziri hakuwezi kuchukua nafasi ya kumhoji. Katika kila tukio lililojadiliwa, neno kuwajibika lilitumika kwa maana ya kuondoka, na swali la nani alifanya nini, kwa amri ya nani, likaachiwa ripoti iliyofuata.